Maji Vidole Vinne

Tarehe 7, mwezi wa kwanza
Maji vidole vinne. Jua kali.
Daftari la zamani limejaa, naanza hili. Ni la ishirini na tatu. Mengine yote yako kwenye sanduku chini ya kitanda. Mengi ni mwandiko wa marehemu mke wangu. Mwandiko wake umesimama. Wangu unalala. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, nikaanza kuandika mwenyewe, maana kazi ni kazi.
Amri ni ya Mzee Injinia, mwenye nyumba, aliyeichora na kuijenga. Kila asubuhi panda ngazi, chovya kijiti, soma alama, shuka, andika. Paa lake halina mteremko wala bati. Ni zege, bapa kama meza, lina kingo pande zote, na juu yake yanakaa maji mwaka mzima. Wageni hucheka, wanasema nyumba imebeba bwawa kichwani. Waache wacheke. Ndani kuna ubaridi wakati majirani wanajipepea kwa magazeti. Chini ya maji kuna lami, na lami ile haitakiwi kuona jua. Vidole vinne ni sawa. Vikifika viwili, ni hatari, fungua bomba. Hiyo ndiyo kazi yangu, miaka arobaini na moja. Na bustani, na kusugua sakafu, na kufuta vioo vile virefu. Lakini kwanza paa.
Mzee Injinia tumemzika mwezi uliopita. Hakuna aliyeniambia niache kupima. Napima.

Tarehe 8
Maji vidole vinne.

Tarehe 9
Maji vidole vinne. Kunguru wameoga. Nimechota manyoya.

Tarehe 12
Maji vidole vinne kasoro kidogo. Nimeongeza.
Bwana Mdogo amekuja. Ni mtoto wa pekee wa Mzee Injinia. Tulimwita Bwana Mdogo alipokuwa anavaa kaptula. Sasa ana kipara na kitambi, jina halijamtoka. Kaja na dalali. Dalali anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, hata alipoingia stoo, akajigonga kwenye pampu. Namwita Miwani.
"Kumbe bado upo, mzee," Bwana Mdogo akaniambia.
Nitakuwa wapi?
Miwani akazunguka. Akagusa ukuta wa matofali ya matundu, ule unaopitisha upepo. Akapanda na kushuka ile ngazi ya ndani ambayo huoni imeshikwa na nini. Akapiga kioo kwa kucha.
"Hii ni mali, bosi! Watu wanazililia nyumba kama hizi siku hizi."
Watu hao hao walikuwa wanaiita sanduku la viatu. Nimewasikia kwa masikio yangu.
"Na huyu mzee?" Miwani akauliza. Ananionyesha kwa kidevu, kama sisikii.
"Huyo anakuja na nyumba."
Wakacheka. Basi mimi nimekuwa kabati.

Tarehe 15
Asubuhi maji vidole vinne. Jioni hakuna.
Naandika jinsi ilivyokuwa, isije ikasemwa vingine.
Miwani alileta mpiga picha na kidude kinachoruka, kinalia kama nyigu. Wakakirusha juu ya nyumba. Wakatazama picha. Miwani akaniita, anapiga kelele kama nyumba inaungua.
"Mzee! Paa limefurika!"
"Halijafurika. Ni vidole vinne."
"Vidole gani? Maji yamejaa juu huku!"
Nikamweleza. Polepole, kama unavyomweleza mtoto. Zege, lami, maji, jua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mnunuzi akiona maji juu ya nyumba atafikiri nini? Atafikiri linavuja."
"Halijavuja hata siku moja."
"Sawa, lakini linaonekana linavuja."
"Likikauka ndiyo litavuja."
"Mzee, litavuja lakini litaonekana halivuji. Unanielewa? Mimi nauza kinachoonekana."
Nilimwelewa.
Akampigia Bwana Mdogo simu, akanipa nizungumze naye. Nikasema, bwana, baba yako alisema maji haya yasitolewe. Akasema, "Baba amekufa. Hiyo nyumba ni ya nani?" Nikasema ni yako. "Basi toa maji."
Kizibo cha paa nilikitoa mimi. Sikumsingizia mtu. Maji yalitoka tangu saa nne mpaka saa tisa, yakaenda bustanini. Chini ikaonekana lami. Nyeusi, laini, inang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Sijawahi kuiona yote mara moja. Nilitamani kuifunika.

Tarehe 16
Maji hakuna.

Tarehe 17
Maji hakuna. Jua kali.

Tarehe 18
Maji hakuna. Sebuleni joto. Mara ya kwanza tangu nije hapa nimetoka jasho nikifuta vioo kwa ndani.

Tarehe 21
Maji hakuna. Lami inanata. Nyayo zangu zimebaki.

Tarehe 24
Maji hakuna. Ufa wa kwanza, kona ya juu ya chumba cha kulia. Unaingiza ukucha.
Nimemwambia Miwani. Akasema asante kwa taarifa. Asante kwa taarifa!

Tarehe 27
Maji hakuna. Nyufa kumi na moja. Mmoja unaingiza kidole cha mwisho.
Miwani kaleta wapaka rangi wawili. Nikafikiri wameleta lami, moyo ukatulia. Nikapanda kuwaonyesha nyufa. Kufungua ndoo, rangi nyeupe. Rangi ya ukutani! Ile ya kupaka vyumbani!
"Ndugu zangu, hii mnaipaka wapi?"
"Hapa juu, mzee. Tumeambiwa ing'ae kwenye picha."
"Mvua je?"
Mmoja akatazama mbinguni. Hakuna hata wingu. "Mvua ipi?" akasema.
Wakapaka. Kufika adhuhuri paa jeupe kama sahani, nyufa hazionekani. Nimebeba zege na tofali maisha yangu yote. Nimeona kazi mbaya nyingi. Ila kazi mbaya ya makusudi, inayofanywa huku watu wanapiga miluzi, hiyo imenichoma.

Tarehe 30
Maji hakuna. Rangi ipo.
Binti yangu kaja kunitazama. Ni fundi cherehani, anakaa upande wa pili wa mji. Kanisomea tangazo kwenye simu yake.
"'Kito cha usanifu katika eneo lenye jua mwaka mzima. Mistari safi, vioo toka sakafuni hadi darini, paa jeupe la kisasa. Imehifadhiwa kwa namna ya ajabu tangu enzi zake.'"
"Imehifadhiwa na nani?"
"Haisemi, baba."
"Imejihifadhi? Imeamka asubuhi ikajifuta?"
"Subiri, na wewe umo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "'Nyuma kuna makazi ya mtumishi, yanaweza kubadilishwa kuwa chumba cha mazoezi.'"
Chumba changu ndicho hicho. Hapo ndipo mama yake alipofia, upande wa dirishani. Sasa watu watakuja kukimbia humo bila kwenda popote.
Binti kasema, "Baba, hama uje kwangu." Nimekataa. Nani atapima? Kasema, "Utapima nini, rangi?" Mtoto ana mdomo kama mama yake.

Tarehe 4, mwezi wa pili
Maji hakuna. Wamekuja watu wanne. Wamepigana picha kwenye ngazi. Mmoja katumia choo.

Tarehe 9
Maji hakuna. Mume na mke. Mke kapenda. Mume kauliza gari mbili zitaingiaje.

Tarehe 10
Maji hakuna. Jua kali.

Tarehe 16
Maji hakuna. Rangi imeanza kubanduka, inaruka kama magamba.
Leo kaja mama mmoja, daktari wa meno. Viatu virefu, ko ko ko juu ya sakafu niliyoisugua juzi. Anagonga kila kitu. Kagonga mlango, nguzo, kabati za jikoni, anatega sikio, utafikiri anatafuta jino bovu. Sikumpenda.
Akasimama katikati ya sebule. "Mbona kuna joto humu?"
"Ni jua, daktari," Miwani akasema. "Eneo hili linasifika kwa jua."
Yule mama akanigeukia. Nikatazama sakafu.

Tarehe 17
Maji hakuna.
Bwana Mdogo kaja hadi chumbani kwangu. Mara ya kwanza maishani mwake. Akasimama mlangoni, akatazama kitanda, jiko, picha ya marehemu.
"Mzee, yule daktari yuko tayari kabisa. Nimemwambia nyumba ina mtunzaji mzuri. Atakubakisha, chumba hiki hiki. Sharti moja. Usimchoshe na habari za paa."
"Akiniuliza?"
"Mwambie ni jeupe."
Sikujibu. Akachukua ukimya wangu kama ndiyo. Na mimi nikamwacha aondoke nao.
Naandika kwa aibu. Nina miaka sitini na sita, na nimeuzwa kwa chumba ambacho nakaa tayari.

Tarehe 20
Maji hakuna. Daktari kaja tena na fundi wa umeme. Kanisalimia. Nimeitikia, nikaenda kumwagilia.

Tarehe 26
Maji hakuna. Nimenyamaza.

Tarehe 3, mwezi wa tatu
Maji hakuna. Mawingu upande wa milimani.

Tarehe 8
Maji hakuna. Mawingu zaidi. Mchwa wametoka na mabawa. Nyufa sizihesabu tena. Natazama juu kama mtu anayengoja kipigo.

Tarehe 11
Maji hakuna.
Leo nitaandika sana. Mkono utauma, basi uume.
Daktari wa meno kaja peke yake saa sita mchana, bila Miwani. Kesho kutwa anatia sahihi. Nikamfungulia mlango. Akavua viatu pale mlangoni. Nikashangaa. Akatembea peku sebuleni mpaka kwenye ngazi, akakaa kwenye kidato cha pili.
"Sakafu ni ya moto," akasema. "Nimesoma kuhusu nyumba hizi, mzee wangu. Zilijengwa ziwe baridi. Aliyejenga hii hakuwa mjinga. Sasa kuna nini?"
Nikasema ni jua.
"Nikwambie kitu. Mgonjwa akija kwangu anaogopa kung'olewa, anasema haumwi. Namjua kwa jinsi anavyofunga mdomo. Wewe umefunga mdomo hivyo hivyo tangu siku ya kwanza."
Nikaangalia ukuta wa matundu. Upepo ulikuwa unapita lakini ni wa moto. Nikafikiri chumba changu. Nikafikiri kitanda, dirisha. Kisha nikafikiri Bwana Mdogo akisema 'mwambie ni jeupe'.
"Ngoja hapa," nikamwambia.
Nikalivuta sanduku, nikalibeba begani mpaka sebuleni, nikalitua mbele yake. Madaftari ishirini na mawili, na hili la ishirini na tatu juu. Nikamwambia soma. Nikamweleza yote. Maji, kizibo, kwamba nilikitoa mimi kwa mkono huu, nyufa, rangi. Sikubakisha.
Hakunikatiza. Akawa anafungua hapa na pale. Maji vidole vinne. Maji vidole vinne. Maji vidole vitatu, nimeongeza. Miaka na miaka. Kisha akasimama kwenye ukurasa mmoja, akasoma kwa sauti:
"'Maji vidole vitatu na nusu. Mume wangu anakohoa. Nimepanda mimi, sitamwambia maana atakasirika.'"
Nikamwambia rudia. Akarudia.
"Ni nani huyu?"
"Ni mke wangu."
Mimi si msomaji. Madaftari yale sikuwahi kuyafungua nyuma. Nilijua ni maji tu. Sikujua kuwa mle kuna kikohozi changu, wala kwamba alipanda ngazi ile, naye alikuwa anaogopa hata kupanda kiti.
Daktari akafunga daftari taratibu. Akauliza, "Likijazwa maji leo, litapona?"
"Hapana. Linakwanguliwa rangi yote, linapakwa lami mpya, ndiyo maji."
"Unajua ukisema haya utamwaga unga wako?"
"Najua."
Akavaa viatu mlangoni. Safari hii sikuusikia ule mlio. Nadhani alitembea polepole.

Tarehe 12
Maji hakuna. Kimya.

Tarehe 13
Maji hakuna.
Hakutia sahihi. Bwana Mdogo kaja na Miwani, gari limesimama mpaka kwenye maua.
"Umeniuza!" Bwana Mdogo akasema.
"Mimi? Mwenye kuuza si wewe?"
"Umemwambia nyumba ya baba yangu ni mbovu!"
"Nimemwambia ilikuwa nzima. Mbovu umeifanya wewe, na huyu hapa na miwani yake."
Miwani akasema, "Mzee hana shukrani." Nikamwambia avue miwani aniangalie machoni akisema hivyo. Hakuvua.
Nimepewa mpaka jioni. Miaka arobaini na moja, mpaka jioni. Binti kaja na mkokoteni wa jirani yake. Kitanda, jiko, picha, sanduku. Kijiti cha kupimia nimekichukua. Ni changu, nilikichonga mwenyewe.

Tarehe 15
Kwa binti yangu. Paa ni la bati. Hakuna cha kupima.

Tarehe 16
Hakuna cha kupima. Nimeokota pini sakafuni, mbili.

Tarehe 19
Mvua!
Ilianza asubuhi, watu wakakimbilia nguo. Juu ya bati hapa hamsikilizani. Mimi nikakaa kitako nikafuata mvua ile kwa akili. Sasa inaingia ufa wa kona. Sasa inateremka ukutani. Sasa iko chumba cha kulia, juu ya meza. Nilifurahi. Nikasema wakome. Kisha furaha ikaisha. Dari lile nililipaka chokaa mimi, na marehemu alinishikia ngazi.

Tarehe 20
Mvua.

Tarehe 22
Bwana Mdogo kaja hapa. Suruali ina matope mpaka gotini. Binti yangu alikuwa anashona, hakusimama.
"Karibu, Bwana Mdogo. Kaa hapo kwenye kigoda. Angalia sindano, hazijui wakubwa wala wadogo."
Akakaa. Kigoda kikalia.
"Dari la chumba cha kulia limeanguka, mzee. Dalali hapokei simu."
"Pole."
"Yule daktari anasema bado anaitaka. Ila paa lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa kufuata hayo madaftari. Na wewe useme limekuwa sawa. Asipokusikia wewe hatii sahihi. Nimeita mafundi wawili, wananiuliza maji yakae wapi. Mimi mwenyewe sijui niwajibu nini."
"Baba yako hakukwambia?"
Akakwangua tope gotini. Alionekana mchovu, kama yule mtoto wa kaptula akirudishwa na mwalimu nyumbani.
Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi siku zote hizi. Makali. Yakaishia mdomoni. Nikasema, "Nitakuja. Sharti moja."
Akastuka, akadhani nitamkamua. Nikamwambia sharti lenyewe. Binti akasimamisha cherehani.
"Hilo tu?" Bwana Mdogo akauliza.
"Hilo tu. Ukikataa, nyumba yako hiyo, kaa nayo."

Tarehe 25
Maji hakuna. Jua limetoka kidogo. Tumekwangua rangi, watu watatu. Mchana kutwa.

Tarehe 27
Maji hakuna. Nyufa zimezibwa. Mvua ya asubuhi imetusimamisha.

Tarehe 31
Maji hakuna. Lami mkono wa kwanza. Mafundi wamenibishia. Nimewashinda.

Tarehe 2, mwezi wa nne
Maji hakuna. Lami mkono wa pili. Nyeusi. Nzuri.

Tarehe 5
Nimerudisha kizibo. Nimefungua bomba. Maji yakapanda polepole, na mvua ikasaidia. Kabla ya kufika vinne nikafunga bomba. Nikamtuma mtu akamwite Bwana Mdogo, aje atimize sharti.
Alikuja na viatu vya ngozi. Nikamwambia vua. Akavua. Daktari wa meno alikuwa chini, kwenye bustani, na madaftari mawili niliyomwazima kwapani. Chumba changu bado sijui. Amesema tutaongea. Sijamuuliza zaidi.
Bwana Mdogo akashika ngazi. Kidato cha kwanza, cha pili, akasimama. Akaikumbatia ngazi.
"Panda. Marehemu mke wangu alipanda akiwa anaogopa kuliko wewe."
"Si woga, mzee." Hakunitazama. "Baba hakuniruhusu hata siku moja. Alisema nitachafua maji. Nilikuwa nakusikia wewe uko juu, natamani."
Hilo sikulijua. Miaka yote ile nilidhani anadharau. Mzee Injinia alinifundisha mimi paa, mwanawe akamfukuza chini ya ngazi. Hapo hasira yangu ikahama kidogo, ikamwendea marehemu baba yake. Ila kidogo tu. Kutoa kizibo aliamuru huyu.
Nikaishika ngazi kwa mikono miwili. Akapanda. Nikampa kijiti. Akainama kingoni, akachovya, akakaa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.
"Viwili," akasema.
"Sema vizuri. Inaandikwa."
"Maji vidole viwili, mzee."
"Viwili ni hatari. Unafanya nini?"
Akafikiri. Akakitazama kijiti.
"Nafungua bomba."
"Haya. Shuka ufungue."
Maji vidole viwili. Amepima yeye. Ameongeza.